Herufi Zilizokataa Kuyeyuka

“Toa mguu juu ya mfuko wangu, Papa Alphonse. Sitasema tena.”

“Sema mpaka kesho. Minye sitoe. Weye mama, unajua iko nini ndani ya huu mufuko?”

“Risasi.”

“Risasi! Sikia namna anasema! Risasi, sawa vile ya batri ya kamyo!”

“Na inayeyuka sawa na ya batri ya kamyo. Toa mguu.”

Hakuutoa. Alikuwa amekuja na viatu vyake vya misa, vyeusi, vimepigwa dawa mpaka vinang’aa, siku ya Jumanne, na kimoja alikuwa amekikanyagia juu ya mdomo wa mfuko kama mwindaji aliyeua nyati. Nyuma yangu mbabula, jiko la makaa, ilikuwa imeshashika moto, makala mekundu chini, sufuria nzito ya chuma juu. Ndani ya sufuria nilikuwa nimeshamwaga kopo la kwanza la herufi. Sikuwa na muda wa kugombana, lakini kugombana huku mikono ikifanya kazi ninaweza, kwa hiyo niliendelea kupepea makala huku nikimjibu.

Alphonse alikuwa mwendesha mashine kwenye imprimeri ya Firmin, kiwanda kidogo cha chapa kule Kikula nyuma ya soko. Miaka yote niliyoishi Likasi, kila karatasi ya mji ilipita kwenye mikono yake: mialiko ya ndoa, matangazo ya misiba, vitabu vidogo vya nyimbo, risiti za maduka. Mwaka ule, tisini na nne, hakukuwa tena na karatasi, wala wino, wala mtu mwenye kitu cha kualikia wenzake. Firmin alifunga mlango, akauza kinachobebeka, akaenda kwa shemeji yake Zambia. Mashine ilibaki kwa sababu haibebeki. Herufi nilizichukua mimi, nikampa unga. Alizimwaga toka kwenye droo zao moja kwa moja ndani ya mfuko, zote mchanganyiko, kama mtu anayemwaga maharagwe. Tulishikana mikono, biashara ikawa imekwisha. Halafu huyu akaja na viatu vya misa.

Mimi kazi yangu ni kemia. Nilipata diploma ya chuo, graduat, nikaingia laboratwari ya kampani ya shaba, nikapima madini mpaka siku laboratwari ilipokosa hata asidi ya kupimia. Damas, mume wangu, bado alikuwa anaenda kazini Kakanda, anarudi na njaa na habari tu. Kwa hiyo nilichukua nilichokijua nikakileta nyuma ya nyumba. Nilikuwa nayeyusha risasi ya batri kuukuu za malori, naimimina kwenye kalibu za udongo, natoa vizito vya nyavu kwa wavuvi wa ziwa Tshangalele. Rolly, mwenye pikapu, alikuwa anakuja kuvichukua, analeta samaki wakavu na unga wa mahindi. Siku hiyo alikuwa aje kabla ya jioni. Akikosa vizito kwangu angeendelea mpaka Kamatanda, ambako kuna mtu anamimina vibaya lakini anamimina, na mteja akishajua njia nyingine harudi. Watoto wangu walikuwa wanakula kwa vizito hivyo. Nilikuwa nimewapeleka kwa jirani, maana moshi wa risasi si wa kuchezea, na wangerudi wakiuliza kuna nini.

“Unataka kuzifanyia nini?” nilimuuliza. “Sema, nisikie.”

“Nitachapa.”

“Kwa karatasi gani?”

“Karatasi itapatikana. Ile ya zamani ya ofisi ya kampani, upande mumoja ingali nyeupe. Batoto ya Kikula habana hata kitabu cha kusomea, mama. Balimu biko grève, banagoma; vitabu bamepasua, bamefungia karanga yote. Nitachapa makaratasi ya kusoma. Ba, be, bi, bo, bu. Kila muzazi ataleta kikombe cha bunga.”

“Na mpaka hicho kikombe kifike, wangu watakula nini? Ba, be, bi?”

“Weye iko na roho ya jiwe.”

“Niko na roho ya mama. Jiwe halipikii watoto bukari.”

“Ulisomaka mpaka juu kabisa, halafu unachoma herufi! Hata haya kidogo, hapana?”

“Masomo njo yalinifundisha kwamba risasi ya chapa inayeyuka haraka kuliko ya batri, juu ya vile wanaichanganya na antimwani na bati. Makala kidogo inatosha. Endelea kupiga kelele, Papa Alphonse, unanisaidia kupepea.”

Alicheka bila kutaka, akajikasirikia kwa kucheka, akakanyaga mfuko kwa nguvu zaidi.

Namna herufi zinavyoyeyuka ni kitu cha kutazama, hilo sikatai. Haziinami. Zinasimama kama zilivyo, kila moja na uso wake, kisha mara moja hazipo, kama sukari kwenye chai, na mahali pao panabaki kioo. Kopo la kwanza lilikwisha hivyo. Nikachukua upawa niondoe utando wa kijivu unaojikusanya juu, ndipo nikaona kuna vitu vinaelea.

Vilikuwa vipande vyembamba, vimelala ubavu juu ya risasi. Nilidhani misumari. Nikavizamisha kwa upawa, vikapanda tena. Nikaongeza makala, nikapepea, nikangoja. Risasi ikawa nyepesi kama maji, ikaanza kutoa rangi za dhahabu na zambarau usoni, na vile vipande vikabaki vile vile, pembe kali, hakuna dalili ya kulainika.

“Umeweka nini humu?” nilimuuliza Alphonse.

“Minye? Firmin njo alimwaga.”

Nikavichota, nikavimwaga juu ya tofali. Vilipopoa nikageuza kimoja kwa ncha ya kisu. Ilikuwa herufi. K ndogo, inatazama nyuma kama herufi zote za chapa. Nikageuza cha pili. K. Nikavitawanya vyote kwa kisu. K tupu, isipokuwa mbili tatu zilikuwa w.

Alphonse alitoa mguu kwenye mfuko. Hakuna aliyemwambia.

Nikakwangua moja ubavuni. Chini ya ngozi ya kijivu ikatoka rangi nyekundu, ile ambayo mtoto wa Likasi anaijua kabla hajajua rangi ya damu yake.

“Shaba,” nilisema.

“Haiwezekani.”

“Risasi inayeyuka kwenye mbabula. Shaba inataka tanuru la kiwanda. Na shaba ni nyepesi kuliko risasi, njo maana zimeelea. Hizi ni shaba, zimepakwa bati juu zifanane na zingine.”

“Zile k zilitoka Bruxelles.”

“Nani alikwambia?”

“Kazadi.”

Kila mtu wa Kikula alimjua Kazadi. Yeye ndiye alikuwa mpangaji wa herufi kwa Firmin: alisimama mbele ya droo, akiokota herufi moja moja na kuzipanga mstari kwa mstari, kabla Alphonse hajazitia wino. Mtu wa suruali nyeupe na maneno mengi. Alijisifu kwa kila kitu, kwa sauti yake kwenye kwaya, kwa mke wake, kwa mbwa wake, kwa namna anavyokata nyama ya mbuzi. Mimi nilikuwa simpendi. Aliwahi kuniambia mbele ya watu kwamba maandishi yangu yanafanana na njia ya kuku aliyepita kwenye majivu. Wazazi wake walitoka Kasai. Yeye alizaliwa hapa hapa, lakini mwaka wa tisini na tatu, watu wa Kasai walipofukuzwa, hakuna aliyemuuliza amezaliwa wapi. Alikaa stesheni na mke wake na magodoro yao, pamoja na maelfu ya wengine, mpaka treni ikaja ikawabeba. Tangu hapo hatukupata habari yake.

Alphonse alikaa chini juu ya mfuko ule ule aliokuwa anaukanyaga, akanieleza jambo la k.

Herufi za Firmin ziliagizwa Ulaya, na kule wanazipanga kwa lugha yao. Mtengenezaji anajua Kifaransa kinakula nini. Anatia e kwa mafungu, s, t, n. K anatia chache tu, kama pilipili, kwa sababu Mfaransa anaweza kuandika ukurasa mzima bila kuigusa. Sisi hatumalizi mstari.

“Andika ‘kila kitu kiko kwake’,” Alphonse alisema, “droo inaanza kulia. Na w vile vile. Weye, wetu, watu, wote. Mbele Kazadi alete k zingine, tulikuwa tunachapa nusu ya ukurasa, tunavunja, tunapanga nusu ingine, karatasi inapita tena kwa mashine. Na Firmin, unajua alifanyaka nini? Alikuwa anaomba bantu babadilishe maneno!”

“Maneno gani?”

“Muntu analeta tangazo ya matanga. ‘Karibuni kwa kilio cha kaka Kalenga.’ Firmin anahesabu na kidole, anatikisa kichwa. ‘Baba, pole sana. Unaweza kusema msiba? Unaweza kusema ndugu?’”

Nilicheka mpaka nikaweka upawa chini. Nilimwona Firmin kabisa, na miwani yake, akimpunguzia maiti herufi.

“Sasa siku moja Kazadi anasema: patron, niko na rafiki Bruxelles, anatumika kwa fonderi, kule banamimina herufi, atatutumia k. Firmin analipa. Siku zinapita, Kazadi anatoka la gare, stesheni, na paketi, stempu juu, kamba juu. K mupya! Kiganja kizima! Baadaye paketi ingine, na ingine. Miaka, mama. Minye mwenyewe nilizitia wino na hii mikono.”

“Uliona paketi inafunguliwa?”

Alikuna shingo. “Alikuwa anafungulia kwake. Alisema anakusanyaka stempu.”

Tukatazamana. Kicheko kilimwanzia Alphonse tumboni, kikapanda, akaanza kupiga goti lake kwa ngumi.

“Mwizi! Mwizi ya Mungu! Alimuuzisha Firmin k ya Kikula na bei ya Bruxelles!”

“Na shaba ya kampani, bila shaka.”

“Na shaba ya kampani! Ee mama yangu, na shaba ya kampani!”

Mimi nilikuwa nimeacha kucheka. Niliingia ndani nikachukua lupe, ile lensi ndogo ya laboratwari, nikachagua k moja, nikaipangusa kwa kitenge, nikaiinamia pale mlangoni penye mwanga.

Nitasema nilichokiona, kwa sababu metali naijua. Shaba na tupa hazipatani. Shaba ni laini, inanata, inajaza meno ya tupa, na ukikosea inararuka badala ya kukatika. Uso wa herufi ile ulikuwa mdogo kuliko punje ya mchele. Juu yake ilisimama nguzo, mkono unaopanda, mguu unaoshuka, na kwenye kila ncha kulikuwa na kisigino chembamba kama unywele. Mahali ambapo mkono na mguu vinakutana na nguzo pana pembe ya ndani ambayo hakuna tupa ninayoijua inayoweza kuingia. Yeye aliingia. Kwa chombo gani, sijui. Labda sindano ya kushonea aliyoinoa kwenye jiwe. Ubavuni alama za tupa zilionekana, za haraka, za mtu mwenye kazi nyingi. Usoni hapakuwa na alama hata moja.

Nikachukua nyingine, nikaziweka bega kwa bega. Mkono ulipanda kwa mwinamo ule ule. Nikachukua nyingine tena. Nilikuwa natafuta kosa, kwa sababu ndiyo kazi niliyolipiwa miaka yote, kutafuta kosa. Kule laboratwarini, mtu akileta vipimo vinavyolingana hivyo tulikuwa tunamshuku kwamba amevibuni. Lakini hizi zilikuwa mkononi mwangu, nzito, zingali na joto la mbabula.

“Iko namna gani?” Alphonse aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka kama ya mtu aliyeingia kanisani ibada imeshaanza.

“Njoo uone mwenyewe.”

Akainama, akafumba jicho moja. Alikaa hivyo, akishusha pumzi kwa pua.

“Hapana,” alisema mwishoni. “Hapana. Huyu muntu minye nilimuona anashindwa kufunga kamba ya kiatu.”

Mimi siamini uso wa chuma mpaka nione kazi yake. Nikawasha taa ya mafuta, nikapandisha utambi mpaka ikatoa moshi mweusi, nikashika k ya shaba kwa koleo na kuipitisha juu ya moshi mpaka uso wake ukashika masizi. Kisha nikaikandamiza kwenye karatasi nyeupe. Alphonse alichimba ndani ya mfuko akitafuta k ya risasi, mojawapo ya zile chache za kwanza zilizotoka Ulaya kweli. Ilimtesa. Kila k aliyoitoa tulilazimika kuikwangua kwa kisu, na kila tukikwangua, nyekundu. Hata tulipopata ya kijivu mpaka ndani, niliikwangua pande zote kabla ya kuamini. Nayo nikaipitisha kwenye moshi, nikaikandamiza karibu na mwenzake.

K mbili nyeusi kwenye karatasi, zimesimama kama mapacha waliopelekwa kwa mpiga picha.

“Geukia ukuta,” nilimwambia Alphonse. Nikaizungusha karatasi kwenye meza, nikaizungusha tena. “Sasa niambie. Ya Kazadi ni ipi?”

Alizitazama. Akaomba lupe. Akaonyesha moja kwa kidole, akahamisha kidole kwenda kwa nyingine, akakirudisha, kisha akashusha mkono. Na mimi niliyezungusha karatasi, nilipofungua mdomo nimpe jibu, nikakuta sinalo. Sikujua tena ni ipi.

Sijaumbwa kushtuka ovyo. Nimezaa bila daktari, nimesimama karibu na tanuru siku lilipopasuka. Lakini pale mlangoni, mchana mweupe, nywele za mikono yangu zilisimama.

Nikaenda sebuleni nikatoa ukutani mwaliko wa ndoa yangu, ambao Damas aliuweka kwenye fremu. *Tunakukaribisha kanisani, kisha kwenye karamu.* Niliusoma mara nyingi maishani, na kila mara nilisoma majina na tarehe. Sasa macho yalikataa kusoma. Yalikuwa yanaona k tu, zimepanga mstari, moja hapa, moja pale, kila moja imesimama wima kati ya majirani zake bila kuwasukuma. Nikafikiria kila nyumba ya mji huu iliyo na karatasi ya Firmin, kwenye sanduku, ndani ya Biblia, chini ya godoro. Kila msiba, kila ubatizo. Mtu huyu alikuwa ameingia kote, na hakuna aliyemfungulia mlango. Na alikuwa mtu aliyejisifu kwa sababu ya mbwa!

“Mbona hakusema?” niliuliza. “Hata baadaye, hata akiwa amelewa?”

“Angesema, Firmin angezitupa.” Alphonse alikuwa anazipanga k kwenye tofali, nyuso zote zikitazama upande mmoja. “Kintu ya Kikula? Angesema itaharibu mashine. Minye pia, mama. Minye pia ningesema iko inaharibu mashine. Ningeanza kusikia mashine inalia.”

Akapanga nyingine mbili. Kisha akasema bila kuinua kichwa: “Mama Aimée. Yale makaratasi ya mwaka ule. Ya kuwaambia bantu ya Kasai batoke.”

“Yalichapwa kwenu?”

“Bantu balileta, Firmin aliogopa. Minye nilikataa kugusa mashine. Aliendesha mwenyewe, vibaya, wino imejaa, mistari imelala.” Akasogeza k moja kwa kidole. “Lakini k zilitoka safi.”

Nikaenda kutazama moto. Risasi iliyokuwa kwenye sufuria ilikuwa imetulia, imejifunika utando mpya. Jua lilikuwa limeshahamia upande wa choo, na Rolly hana desturi ya kuchelewa, maana anaogopa barabara ya ziwa.

Alphonse alisimama, akapangusa suruali yake.

“Basi,” alisema. “Minye si mutoto. Najua pikapu iko inakuja, najua batoto biko banakuja. Tutoe zile k na zile w, nitabeba izo tu, souvenir, ya kumukumbuka. Zingine, yeyusha. Sitagombana tena.”

Lilikuwa neno la akili, na safari hii lilitoka kwake. Alipofika pale asubuhi, angeniambia hivyo ningemshukuru, ningempa na kikombe cha maji. Niliutazama mfuko. Mdomo wake ulikuwa wazi, na ndani herufi zilikuwa zinang’aa kidogo, a, u, i, m, n, kila moja imegeuka upande wake.

“Na utafanya nini na k peke yake?”

“Nitaziangalia.”

“Hakuzikata ziangaliwe. Alizikata zisionekane.” Nikainua ile karatasi ya masizi. “Alitazama zile a na zile u za risasi, akatengeneza k ya kusimama katikati yao bila muntu kugeuza kichwa. Nikiyeyusha a, zile k hazina tena mahali pa kusimama. Zinakuwa vipande vya shaba, na vipande vya shaba nitaokota kwenye barabara yoyote ya hapa.”

“Sasa vizito?”

Hilo ndilo lilikuwa swali. Iliyokwisha yeyuka imekwisha, hiyo nitaimimina, lakini ilikuwa kidogo, haikufika hata nusu ya alichotaka Rolly. Batri sikuwa nazo. Nikasimama katikati ya ua nikafikiri kama ninavyofikiri jikoni siku hakuna kitu: usiulize kinakosekana nini, uliza ndani ya nyumba mmebaki na nini.

Nyumba yetu ilikuwa ya kampani, ya wakati wa Wabelgiji, na Wabelgiji walikuwa wanapenda mabomba ya risasi. Kutoka kwenye lavabo, beseni la kunawia la bafuni, kupitia ukutani, mpaka nje kwenye shimo la maji machafu, lilikuwepo moja nene kama mkono wa mwanaume.

“Papa Alphonse, vua koti.”

“Juu ya nini?”

Nikamwonyesha kwa kidevu. Alifuata kidevu changu mpaka ukutani, akaelewa, akashika kichwa.

“Mama! Papa Damas akirudia toka kazini, atanawa wapi?”

“Kwenye ndoo, kama bantu bote. Maji yenyewe inakuja Noeli na Pasaka.”

“Na ile bomba ni ya kampani!”

“Kampani ije iichukue. Itaikuta kwenye ziwa, imefungwa kwa nyavu.”

Nilikusanya k na w kutoka kwenye tofali, nikazitia ndani ya kopo tupu la maziwa. Mfuko nikaufunga mdomo kwa kamba, fundo juu ya fundo, tukaubeba wawili mpaka chumbani na kuusukuma chini ya kitanda changu, mbali na moto na mbali na mimi. Kisha nikachukua msumeno wa chuma nyuma ya mlango, nikaingia bafuni, nikapiga magoti kwenye sementi. Nikaligonga bomba kwa kifundo cha kidole. Lilijibu kwa sauti nzito, fupi, isiyorudi. Risasi safi.

“Shika hapo chini, mikono yote miwili. Likianguka litavuta lavabo.”

Alphonse alipiga magoti na viatu vyake vya misa kwenye unyevu, akalikumbatia bomba kama mtu anayeshika mbuzi wa kuchinjwa. Nikaweka msumeno. Meno yaliingia bila kelele, na chini ya uchafu wa miaka mkato ukatoka mweupe, unameta.

“Na kama haitatosha?” aliuliza, uso wake kwenye ukuta.

“Kuna la choo.”

Bomba liliachia. Tulilitoa nje kwenye ua, nikaligonga kwa nyundo mpaka likalala bapa, nikalikunja mara mbili kwa mguu, nikalitia kwenye sufuria.